UHALIFU MITAANI: NI SHAURI LA NANI?

  Mhariri aliponiomba makala ya mwaka huu nilimwambia mapema kuwa sitaandika juu ya umuhimu wa miti wala hasara za mihadarati, maana hayo mmeyasoma mpaka mmeyakinai. Nitaandika juu ya lile ambalo sisi wanafunzi wa kutwa hulizungumza kila asubuhi kabla ya gwaride: nani ameporwa, ameporwa wapi, na je, njia ya kwetu inapitika?

Mjini Embu kuna mtaa uitwao Shauri Yako. Mjini Meru kuna Shauri Yako pia, na hata Homa Bay, kule kando ya ziwa, kuna mwingine wa jina hilo hilo. Mnajua wenyewe maana ya maneno hayo yakisemwa barabarani. Mtu akikwambia "shauri yako" amekunawia mikono, upone usipone. Mimi naishi karibu na ule wa Embu, na hapa shuleni hilo pekee latosha kumpaka mtu tope. Kikokotoo kikipotea darasani, macho yote hugeukia sisi tunaotoka upande ule. Wenzetu wa Majimbo na wa Dallas nao wamewahi kuonja shubiri hiyo. Nikajiuliza: hivi hawa wanaosema mtaa fulani ni pango la wezi, wamehesabu wapi?

Basi tuanze na hesabu. Huduma ya Taifa ya Polisi hutoa ripoti kila mwaka juu ya makosa yaliyoripotiwa nchini. Mwaka 2017 yaliripotiwa makosa 77,992. Mwaka 2018 yakawa 88,268, na mwaka 2019 yakapanda hadi 93,411. Halafu mwaka 2020 yakaporomoka ghafla, yakawa 69,645. Mwaka 2021 yakarudi juu hadi 81,272, na mwaka 2022 yakafika 88,083. Ukizichora nambari hizi kwenye karatasi ya grafu utaona mlima, kisha bonde, kisha mlima tena. Hilo bonde nitalirudia baadaye.

Lakini jumla peke yake haisemi mengi. Tunachohitaji ni kiwango cha uhalifu, na kiwango hupatikana kwa kulinganisha makosa na watu. Mwaka 2019 ulikuwa mwaka wa sensa, nasi Wakenya tulihesabiwa tukawa 47,564,296. Chukua yale makosa 93,411, yagawe kwa idadi ya watu, kisha uzidishe kwa 100,000. Utapata takriban 196. Yaani, katika kila Wakenya laki moja, makosa 196 yaliripotiwa mwaka ule. Mwalimu wa hisabati atafurahi kuona kuwa uwiano una kazi nje ya mtihani.

Hesabu hiyo inanisaidia kumtetea binamu yangu anayeishi Makutano, Meru. Kaunti ya Meru imetajwa zaidi ya mara moja katika ripoti hizo miongoni mwa kaunti zenye makosa mengi zaidi nchini, na kila ikitajwa sisi wa Embu huwacheka. Sasa tazameni. Katika sensa ile ile, Meru ilikuwa na watu 1,545,714, na Embu 608,599. Meru ni kama Embu mbili na nusu. Hata kama Mmeru na Mwembu wangekuwa sawa kwa tabia kama pacha wawili, Meru ingeandikisha makosa matano kila Embu ikiandikisha mawili. Kumbe tumekuwa tukiwacheka watu kwa kuwa wengi!

Isitoshe, Kaunti ya Meru si mji wa Meru. Ndani yake mna Igembe na Tigania, mna Buuri na ule upande unaopakana na Isiolo, ambako wizi wa mifugo umewatesa wafugaji miaka na mikaka. Ng'ombe akiswagwa usiku huko, anaingia katika jumla moja na simu iliyonyakuliwa katika soko la Gakoromone. Wewe ukisoma jumla hiyo huwezi kujua kama uogope kwenda sokoni au uogope kufuga.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Baadhi ya makosa huongezeka katika ripoti polisi wanapofanya kazi zaidi. Bangi na chang'aa hazijipeleki kituoni kujiripoti. Polisi wakifanya msako wiki nzima mtaani, makosa ya mihadarati yatapanda, na msomaji wa gazeti atadhani mtaa umeharibika wiki ile, ilhali pombe ilikuwa ikipikwa pale pale tangu zamani. Wasipofanya msako, karatasi itaonyesha amani. Sisemi msako ni mbaya. Watu wa Embu hatujasahau Mei 2014, pombe yenye methanoli ilipoua makumi ya watu katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na Murang'a, na wengine wakapofuka macho. Ninachosema ni kwamba nambari huonyesha mambo mawili kwa pamoja: yaliyotendeka, na yaliyotafutwa.

Je, na yale yasiyoripotiwa? Hapo ndipo penye mtihani. Mama mmoja anayeuza mboga njia ya kwetu aliibiwa mtungi wa gesi na sufuria zake mbili. Nilipomuuliza kama alikwenda kituoni alinicheka. "Mwanangu," akasema, "nikienda kuandikisha nitapoteza siku nzima ya biashara, na mtungi wenyewe sitauona. Afadhali niuze sukuma ninunue mwingine." Mwingine aliniambia anamjua aliyemwibia, ni kijana wa jirani, na mama yake huyo kijana husali naye kanisa moja. Atamshtaki vipi? Kwa hivyo makosa hayo mawili hayamo katika kitabu chochote cha matukio. Si kwamba hayakutokea.

Na matokeo yake ni ya kuchekesha na kuliza. Mtaa ambao watu hawaripoti huonekana salama kwenye karatasi. Mtaa wa wenye nyumba za mawe, ambao mtu akipoteza hata kioo cha gari huhitaji kuandikisha ili alipwe na bima, huonekana una wizi mwingi. Kisha doria hupelekwa kule kwenye karatasi nyingi, nasi tunabaki na mbwa wetu. Wahenga walinena, mficha uchi hazai. Anayeficha wizi naye hapati askari.

Sasa turudi kwenye lile bonde la mwaka 2020. Makosa yalipungua kwa zaidi ya 23,000, yaani robo nzima. Je, Wakenya walitubu? La hasha. Tarehe 27 Machi mwaka ule ilianza kafyu ya Korona, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Vilabu vya pombe vikafungwa, matatu zikapunguza abiria, watu wakashinda nyumbani. Mwizi wa kuvunja nyumba hapendi nyumba yenye watu, na mlevi hawezi kupigana kwenye baa iliyofungwa. Mwaka 2021 nambari zikaanza kupanda tena, na kafyu ikaondolewa Oktoba mwaka huo. Hii inatufundisha kuwa makosa mengi yanategemea mahali na wakati, wala hayategemei damu ya mtu.

Lakini wakati huo huo simu za kuomba msaada kwa sababu ya dhuluma za nyumbani ziliongezeka. Hatari iliondoka barabarani ikaingia ndani na kufunga mlango. Tena hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa wavulana. Tunapozungumza juu ya usalama huwa tunamwaza mtu mgeni mwenye kofia gizani. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 nchini Kenya, ule wa kutembelea nyumba kwa nyumba, ulikuta kuwa asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepigwa au kuumizwa kimwili wakati fulani tangu watimize miaka 15. Kwa walioolewa, aliyetajwa zaidi ni mume, wala si mwizi wa barabarani. Ukichukua makosa yote ya namna hiyo ukayalinganisha na yale yaliyomo katika ripoti za polisi, utaona jinsi ripoti zilivyo ndogo kando ya maisha yenyewe.

Kuna watu watakaosema, "Hayo yote ni sawa, lakini mitaa mingine ina wahalifu zaidi, na hilo halina ubishi." Nami sibishi. Ila nauliza, ni watu au ni mahali? Wataalamu wawili wa Marekani, Clifford Shaw na Henry McKay, walichunguza jambo hili mjini Chicago na kuchapisha kitabu chao mwaka 1942. Walitazama kesi za vijana kwa miongo kadhaa. Waliona kuwa mitaa ya karibu na viwanda na katikati ya mji iliendelea kuwa na kesi nyingi, ingawa wakazi wake walikuwa wakibadilika: wahamiaji wa taifa hili wakaja wakaondoka, wa taifa lile wakaingia, na mtaa ukabaki vile vile. Waliohama kwenda mitaa mizuri, watoto wao hawakuhama na uhalifu. Sasa mtu akikwambia watu wa mtaa fulani ni wezi kwa asili, mwulize: wakihamia Milimani wataendelea kuwa wezi?

Mahali ni nini basi? Kwetu sisi mahali ni kichochoro kisicho na taa, ni choo kilicho nje mita hamsini kutoka mlangoni, ni mlango wa mabati unaofungwa kwa kikufuli cha shilingi hamsini. Ni vijana waliomaliza kidato cha nne wakakosa karo ya chuo, wakakaa kwenye kona na miraa au muguka mdomoni kuanzia asubuhi. Wengi wao si wezi hata kidogo. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha aljebra. Lakini mmoja akiwa mwizi, kona ile inamficha, na wote kumi huitwa wezi.

Kuhusu taa nina mengi ya kusema. Mnazijua zile nguzo ndefu zenye taa kubwa, zile tunazoziita mulika mwizi. Mahali ilipo, wachuuzi wa viazi na mahindi ya kuchoma hukaa mpaka saa tatu usiku, na mahali penye wachuuzi pana macho. Mjini New York mwaka 2016 walifanya jaribio la kisayansi. Walipeleka minara ya taa katika baadhi ya mitaa ya nyumba za umma, iliyochaguliwa kwa kura, na mingine wakaiacha bila. Makosa makubwa ya usiku yatendekayo nje yalipungua kwa takriban asilimia 36 kule kwenye taa. Najua Embu si New York, lakini giza ni giza.

Hapa pana siri ambayo wazazi wengi hawaijui. Taa ya barabarani ikizimika, watu hulalamikia polisi au chifu. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, taa za barabarani ni kazi ya serikali ya kaunti. Mtu wa kumfuata ni mwakilishi wadi. Kile kituo cha polisi hakina hata ngazi ya kupandia nguzo.

Tuje kwa polisi wenyewe, na hapa nitasema polepole. Mtu huripoti kwa yule anayemwamini. Agosti 2021, nikiwa bado shule ya msingi, ndugu wawili wa Kianjokoma, hapa hapa Kaunti ya Embu, walikamatwa usiku na polisi kwa kuvunja saa za kafyu. Hawakufika nyumbani tena. Familia yao iliwakuta mochari. Watu waliandamana, na baada ya uchunguzi wa ile mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, IPOA, askari sita walishtakiwa kwa mauaji. Mambo ya mahakama nawaachia mahakama. Ila tangu siku ile kuna wazazi wengi ambao, kijana wao akichelewa, hawajui wamwogopee mwizi au wamwogopee askari. Mtaa ukifika hapo, kitabu cha matukio hakiwezi kujaa ukweli.

Na pengo hilo hujazwa na nini? Hujazwa na "mwizi! mwizi!" na mawe na tairi. Nimemwona kijana akipigwa karibu na steji kwa ajili ya simu ambayo baadaye ilipatikana kwenye droo ya kibanda cha mwenyewe. Aliokolewa na mzee mmoja wa mtaa aliyemlalia juu, naye mzee akaambulia teke. Katiba yetu, Kifungu cha 50, inasema kila mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Umati hauna muda wa kuthibitisha. Halafu kesho yake hakuna aliyempiga. Kila mtu alikuwa anapita tu.

Njia moja iliyojaribiwa ni Nyumba Kumi. Serikali iliianzisha kwa kishindo mwaka 2013, mwaka ule wa shambulio la Westgate, Nairobi. Wazo lenyewe liliazimwa kwa jirani zetu wa Tanzania, ambako chama cha TANU kilianzisha mabalozi wa nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960. Kwetu limefaulu nusu. Pale ambapo mzee wa nyumba kumi anawajua wapangaji wake kwa majina, mgeni hawezi kuhamisha televisheni saa nane usiku bila kuulizwa. Lakini katika ploti zetu wapangaji huingia na kutoka kila mwezi, na mwenye nyumba hajui hata waliomo. Huwezi kuwalinda watu usiowajua. Vile vile mzee akipata sifa ya kupeleka maneno kwa chifu, hakuna atakayemwambia kitu. Kwa maoni yangu Nyumba Kumi inafaa sana ikiwa ni ya majirani kujuana, na haifai kitu ikiwa ni ya kupelelezana.

Sasa nifikie lile lililonifanya nishike kalamu. Je, mnajua sheria ya Kenya inasema usiku unaanza saa ngapi? Kanuni ya Adhabu, yaani sheria yetu ya makosa ya jinai, inaeleza kuwa usiku ni kuanzia saa kumi na mbili u nusu jioni hadi saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Si maneno ya kupamba. Mtu akivunja nyumba mchana aweza kufungwa hadi miaka saba. Akiivunja katika saa hizo za usiku, hadi miaka kumi. Waliotunga sheria walijua kuwa giza huongeza ubaya wa kosa.

Na prepu yetu ya jioni huisha saa ngapi? Saa kumi na mbili u nusu juu ya alama. Yaani kengele yetu na usiku wa sheria hulia pamoja.

Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hivyo jua letu halibadiliki sana kama la Ulaya, lakini hubadilika kidogo. Hapa Embu mwezi wa Februari jua huzama mwendo wa saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Mwezi wa Novemba huzama mapema, karibu saa kumi na mbili na robo. Na kiza chetu hakibembelezi. Jua likizama, dakika ishirini baadaye huoni vidole. Kwa hivyo mwanafunzi wa kutwa anayetembea dakika arobaini, Februari hupata mwanga sehemu kubwa ya safari. Novemba hupata giza karibu safari nzima. Asubuhi nayo tunatembea gizani, kwa sababu tunatakiwa tuwe darasani kabla ya jua kupanda vizuri. Wenzetu wa bweni hawajui habari hii, nami siwalaumu. Wao wakisikia kengele hukimbilia chajio.

Kuna wanaojibu, "Pandeni bodaboda." Bodaboda ya shilingi hamsini kila jioni ni shilingi elfu moja kwa mwezi wa siku ishirini za shule. Kuna wazazi ambao elfu hiyo ndiyo unga na mafuta. Tena kwa sisi wasichana, si kila pikipiki ni ya kupanda gizani.

Kwa hayo, wanachama kadhaa wa chama chetu tumeandika ombi kwa mwalimu mkuu, ili lifikishwe kwenye mkutano wa wazazi. Tunaomba prepu ya wanafunzi wa kutwa iishe saa kumi na mbili kamili katika muhula wa tatu, na zile dakika thelathini tuzifidie wakati wa mchana. Tunaomba pia tutoke kwa makundi ya njia, kila kundi na mkubwa wake, badala ya kutawanyika langoni kama kuku. Na tumeandika barua nyingine kwa ofisi ya mwakilishi wadi kuhusu ile mulika mwizi iliyozimika kwenye njia ya sokoni.

Wakati tukisubiri majibu, mambo machache ya kuweka mfukoni. Simu ya polisi ya dharura ni 999, 112 au 911, na hailipishwi. Mtoto anayedhulumiwa, popote pale hata nyumbani kwake, apige 116. Dhuluma za kijinsia ni 1195. Mwenye simu ya mkononi abonyeze *#06# sasa hivi, aandike zile tarakimu kumi na tano nyuma ya daftari, maana simu ikiibwa ndizo utakazoulizwa. Ukiripoti kituoni, usiondoke kabla ya kupewa nambari ya kitabu cha matukio, hata kama aliyepotea ni mtungi wa gesi tu. Karatasi ya sahihi za ombi letu iko kwa katibu wa chama, kidato cha tatu, dawati la pili kutoka dirishani. Itafungwa Ijumaa baada ya gwaride.